Mfuniko

Hufia Igoma. Siku nyingine Kisesa,
au papa hapa Mabatini, katikati ya foleni,
kisha baada ya robo saa linawaka
kana kwamba si lenyewe.

Plagi nimebadili. Koili, platini.
Kabureta nimeiosha mara mbili kwa petroli na mswaki.
Mafundi watatu wamekula hela ya dagaa,
kila mmoja akimcheka aliyemtangulia.

Nshoma hata boneti hakufungua.
Tukatoka naye kupitia Pasiansi, redio imezimwa,
nami nimekatazwa kuongea.
Karibu na Ilemela likakohoa. Likakata.

Akashuka, akazunguka nyuma,
akalegeza mfuniko wa tenki,
ule nilioununua Makoroboi wa kwanza ulipoibwa,
na tenki likavuta hewa: fyuuu,
pumzi ya mtu aliyeibuka ziwani.

“Umeliziba pua,” akasema.
Akatoboa kwa msumari tundu la kupita sindano.

Elfu tano.
Nikabishana bei, aibu yangu,
nikalipa.

Jana nimepanda Bugando na magunia sita,
halikusita.
Nilipofika juu nikalizima mwenyewe,
lijue nani mkubwa.