Gasketi Mbili, Masasi

Fundi Nachunga kaziweka mezani:
moja ya chuma, tabaka tatu, imetoka Dar kwa basi,
bei yake nusu gunia la korosho;
nyingine laini, rangi ya majivu.

"Ya chuma," nikasema.
Silinda nane hizi kaka alizichemsha
akipanda Newala. Hakusimama.
Alikuwa anawahi msiba.

Nachunga hakujibu.
Akapitisha ukucha juu ya bloku,
ukanasa.
Akanishika mkono, akapitisha wangu.
Ukanasa palepale.

"Chuma kinataka kioo," akasema.
"Hii laini inajaza."

Nikalipa ya majivu.

Tukakaza kuanzia katikati kwenda nje,
spana ya kipimo ikilia *ka*, *ka*.
Boliti ya mwisho
kaka angeilazimisha.
Nachunga akaniachia mimi.