Robo Mzunguko

Kizota, alfajiri, vumbi bado limelala.
Nimepaka chaki tairini, ukingo hadi ukingo,
tumelisukuma Datsun hatua kumi:
chaki imefutika katikati tu.
"Umelivimbisha," asema Ndahani. "Hili si lori la zabibu."
Kweli. Milango tuliivua, boneti tuliuza Chamwino,
limebaki mifupa na injini.
Psss.
Pauni ishirini na mbili.

Kisha uzi, gurudumu la nyuma hadi la mbele.
"Yatazamane kidogo. Unene wa njiti ya kiberiti."
Nalegeza tairodi, robo mzunguko, nakaza.

Baada ya Nala naachia usukani.
Limenyooka.

Miezi miwili lilinivuta kushoto,
kwa akina Nyemo,
nami nikidhani ni moyo.