Kilo Mia Mbili na Ishirini

Haibebwi. Hilo nililijua Jumamosi ya pili ya Aprili,
theluji ingali imejibanza nyuma ya safu ya magereji
kama mdeni aliyesikia hodi.
Huku Suwałki baridi haiagi, huchelewa tu kuondoka.

Kilo mia mbili na ishirini,
nami kilo hamsini na sita, buti zikiwemo.
Bwana Hieronim wa gereji namba kumi na nne,
afugaye njiwa na ajuaye kila kitu,
alisimama mlangoni, mikono mfukoni:
"Ngoja mwanangu atoke kazini, Radosława."

Sikungoja.
Miaka ishirini na mitatu ya gari la wagonjwa
nimenyanyua watu usiku:
wazee walioteleza bafuni,
wanaume wazito waliokwama kati ya kitanda na ukuta.
Mwili haunyanyuliwi kwa mgongo.
Unausogelea, unauambia unachotaka kufanya,
unatafuta mahali utakapokubali.

Basi nikaiambia.
Mkono wa kushoto kwenye usukani,
wa kulia kwenye chuma kilicho chini ya siti,
mguu juu ya ulimi wa stendi.
Nikasikiliza mpaka ncha zote mbili ziguse sakafu,
ti,
ti,
kisha sikuvuta. Nilisimama tu.
Nilisimama juu ya ulimi ule na uzito wangu wote,
nayo ikarudi nyuma, ikapanda, ikatulia
kama mgonjwa aliyepangiwa mito akapata pumzi.

Gurudumu la nyuma likaning'inia hewani.
Hieronim akakohoa, akaenda kwa njiwa wake.

Nikalizungusha kwa kidole kimoja.
Mnyororo ulikuwa umeshiba chumvi ya barabara ya Novemba;
nikausugua pingili kwa pingili, kwa mafuta ya taa
na mswaki alioacha Kacper,
kitu pekee alichoacha ambacho kinafanya kazi.

Masanduku ya alumini nilinunua Augustów,
kwa mtu aliyeapa kwamba yanaingia popote.
Popote, kasoro hapa.
La kushoto liliingia bila neno.
La kulia likagota kwenye ekzosi,
sentimita mbili na nusu za ukaidi.

Nilipanda ngorofa nne, nikashuka na ubao wa kukatia mboga,
ule mweupe wa plastiki,
nikaukata kwa msumeno vipande vinne, nikavitoboa,
nikaviweka kati ya chuma na chuma.
Gereji nzima ikanuka vitunguu.
Sasa sanduku la kulia limejitokeza kidogo kuliko mwenzake,
kama kiwiko cha mtu anayepenya sokoni.
Nitakumbuka nikipita kwenye malango membamba.
Au nitasahau, lango linikumbushe.

Kisha mizani ya bafuni.
Kushoto: spana, pampu, tyubu, jiko dogo. Nane.
Kulia: hema, koti la mvua, soksi nyingi za woga. Sita.
Pikipiki haiulizi unapenda nini,
inauliza umeegemea wapi.
Nikaongeza upande wa kulia chupa mbili za matango ya siki,
za dada yangu aliyeko Klaipėda,
aliyesema kwenye simu: usilete kitu.

Kuishusha ni kugumu kuliko kuipandisha, hakuna anayekwambia.
Unasukuma mbele, inatumbukia,
na kwa nusu pumzi haiko mikononi mwa mtu.
Nikakamata breki. Matango yakalia ndani ya sanduku.
Ikasimama.

Nilipoinama kuokota tambara
nikaona nati. Namba kumi. Inang'aa.
Niliigeuza mwangani.
Si ya kulia, nilihesabu.
Si ya kushoto.
Njiwa wa Hieronim walikuwa wanarudi,
na yeye nyuma yao, mikono mfukoni.

Sasa ina kilo kumi na sita zaidi, na masanduku yenyewe.
Nikaweka mguu juu ya ulimi wa stendi,
nikaiambia tena.