Unyevu: Kumi na Tatu

Mimi ndiye karani wa ghala, Kampi ya Moto.
Gunia likifika nalichoma ubavuni kwa bomba la chuma,
namwaga punje kwenye kipimo,
nasoma namba, naiandika kwenye simu ya kazi.
Basi. Nikishabonyeza, hata mimi siwezi kuifuta.
Kijana aliyetufundisha alisema
kila andiko limeshikwa mkono na lililotangulia;
ukivuta moja, yote yanapiga kelele.

Mahindi yanakwenda kusagwa Nakuru,
na kwenye pakiti panachapwa mraba wa vidoa vyeusi.
Moraa wa Section 58 (simjui, namkisia tu)
anauelekezea simu yake yenye ufa
na shamba la Tapkigen linamfungukia kiganjani:
siku ya kuvuna, turubai la kuanikia,
sumukuvu: salama. Unyevu: kumi na tatu.
Anakoroga uji wa mtoto.

Lakini Jumanne ile ilinyesha tangu adhuhuri,
mvua iliyonipa jina,
lori likinguruma mlangoni,
Wafubwa akipiga honi kama mwenye msiba,
na kipimo kikasema kumi na sita.
Nikaandika kumi na tatu.

Mnyororo haukushtuka.
Uliupokea uongo wangu kwa adabu,
ukaupiga muhuri, ukaulinda
kama unavyolinda kweli za wenzangu.

Mama hana haja na kipimo. Yeye huiuma punje:
ikilia *ka!* inaingia ghalani,
ikinyamaza inarudi juani.
Usiku nilimsikia jikoni, *ka*, *ka*,
kisha kimya,
kisha akatema.

Siku nne.

Leo asubuhi nimefungua gunia namba 0417.
Kufuta sikuweza. Niliweza kuongeza.
Nikaandika chini yake:
*Namba ya Jumanne si kweli. Ilikuwa kumi na sita.
Yasisagwe. Kama yamesagwa, yasiliwe.
Mwandishi ni yule yule, Jebiwott.*
Nikabonyeza. Na hili nalo halifutiki.

Simu ya meneja inaita juu ya meza.
Iite.
Moraa, kabla hujawasha jiko,
elekeza tena.
Usiishie pale pa *salama*.
Shuka, shuka na kidole
mpaka mstari wa mwisho.