Chozi Huyu, Chozi Hili

Ghanima, shusha darubini kwanza.
Juani wote weusi tii,
chozi huyu na chozi yule,
wakining'inia kwenye shubiri iliyochanua
nyuma ya duka la gesi, hapa Salala.

Ngoja ageuze shingo.
Akiwaka kijani usiseme kitu,
wote huwaka kijani.
Tazama kifua. Mwenye mshipi mwekundu,
kama aliyejifunga kikoi mbiombio, ndiye mkubwa.
Mdogo hana mshipi; ana vishungi vya rangi ya chungwa
ubavuni, na havitoi
ila akigombana au akitongoza.

Majike ndio mtihani.
La yule mkubwa, rangi ya jivu lililonyeshewa.
La mdogo, jivu kavu.
Kharifu ikishuka, ukungu ukimeza mlima,
yote jivu tu. Funga daftari ukanywe chai.

Mama yangu hakuwa na haja na mishipi.
Nikimwita, "Mama, chozi!"
alinifuta shavu kwa upindo wa kanga,
bila kutazama nje,
na shavu lenyewe kavu.

Siku iliyopigwa simu kutoka Unguja
nilikuwa dirishani, nahesabu.
"Mama, chozi. Mwenye mshipi."
Mkono haukuja.
Nikageuka: kakaa sakafuni, simu mapajani,
na kanga haifuti la mtu.

Huyu huruka, hili hudondoka.
Ndiyo alama niliyoipata siku ile,
na kitabu changu cha ndege hakina.