Mzee wa Masanduku

Saa nane za usiku huanza na vidole vya miguu.
Nafunua blanketi, nabonyeza ukucha, naachilia, nangoja:
weupe, kisha wekundu unarudi bila haraka
kama mtoto aliyetumwa chumvi akakuta mpira.
"Chezesha," namwambia Odero wa kitanda cha tisa.
Kidole gumba kinainama, kinainuka. Naandika: damu inafika.
Paja lake lilivunjikia Outering, pikipiki ikabaki nzima.
Sasa mguu unavutwa kwa kamba, puli na mfuko wa kilo tano,
na shangazi yake nimemkanya mara mbili
asitundike mkoba wake pale.

Ng'ambo ya ukumbi, upande wa akina mama,
Syombua anainua uso apokee matone.
Alitumbukia kwenye mtaro wa Kariobangi asiouona,
nyonga ikaenda; ndipo tukagundua jicho.
"Nimezaa sita," asema, "wote wakatoka wenyewe.
Huyu mtoto wa jicho ndiye aliyengoja kisu."
Nacheka, tone linakosa njia, linashuka shavuni.
Natia jingine.

Kitanda cha kumi ni Mzee Gathogo.
Miaka arobaini Kamukunji, nyundo na bati,
masanduku ya watoto waendao shule za bweni.
Nyundo ilimlipa kwa mkono mmoja,
kwa mwingine ikachukua masikio.
Wiki ya kwanza nilimpigia kelele.
Nilimuuliza kama amekwenda choo,
na wodi nzima, pamoja na mlinzi wa mlangoni,
ikajua kwamba hajaenda, leo siku ya tatu.
Alijifunika shuka hadi utosini.
Tangu hapo nakaa mbele yake, taa ikiniangaza usoni,
nashusha barakoa, naacha maneno yatembee.
Chuoni walinifunza pia, nadhani. Mimi nilifunzwa na ile shuka.

Usiku wa Alhamisi stima zilipotea.
Jenereta ilikohoa, ikanyamaza.
Nilikuwa kwa Syombua, tochi ya simu kwapani,
nikasikia sauti ya mtu asiyejua ukubwa wa sauti yake:
"Sista! Huyu kijana analia!"
Hakuna kilio kilichosikika.
Wagonjwa kumi na tisa wenye masikio mazima walikuwa wakikoroma.
Nikamulika: Odero, ncha ya mto mdomoni,
jasho kama aliyenyeshewa.
Vidole baridi. Nikabonyeza ukucha: weupe,
weupe,
weupe.
Bandeji ilikuwa imeukaba mguu.
Nikalegeza, nikapiga simu kwa daktari,
nikaushika ule mguu kwa mikono miwili nikiibembeleza damu
kama unavyombembeleza mtu aliyesimama ukingoni mwa paa.
Ilirudi. Haikuwa na haraka, lakini ilirudi.
"Mbona hukuniita?"
"Uliandika damu inafika, sista.
Nikaona haya kukukosoa."

Asubuhi nikamuuliza mzee, midomo wazi, polepole: ulisikiaje?
Akauchukua mkono wangu akauweka kwenye ukingo wa kitanda.
Wodi imejaa, vitanda vimebanana, chuma kinagusa chuma,
na kiganjani nikazipata pumzi za Odero,
kisha mtikisiko mdogo alipokohoa,
kisha gurudumu la kigari cha uji, mbali, kikija.
"Bati halijui kunyamaza," akasema. "Hayo ni ya watu."

Nikamweleza sanduku langu la kidato cha kwanza,
la kijani, kufuli upande wa kushoto,
kifuniko kilichonikata kidole muhula wote.
Nilitaka liwe lake.
Akalifikiria. "Kushoto? Hapana.
Huyo alikuwa fundi mbaya."

Sasa ni saa kumi. Namgeuza,
mto katikati ya magoti, nakagua visigino, nakagua mgongo,
natafuta wekundu usiotakiwa kuwepo.
Odero amelala, au anajifanya.
Kalamu naiacha mfukoni kwanza.
Naweka kiganja kwenye chuma,
nasimama hapo kidogo.