Kreeta

Orvokki kaandika: Kreeta alifariki.
Taisto kafuta: Kreeta alihamia Vaasa.
Orvokki karudisha kifo.
Wiki tatu mtoto anakufa, anafufuka,
usiku kwa usiku, kahawa zao zikipoa.

Nikawagawia kazi kama mirathi,
kila mmoja akalime shamba la mwenzake:
Orvokki, wewe ubatizo. Taisto, mazishi.
Mimi ukurasa wa arobaini, uliomwagikiwa wino.

Kimya. Theluji.

Kisha Taisto: "Nimempata. Februari, njaa, miaka minne.
Usimwambie Orvokki.
Nitamwambia mwenyewe."

Naye Orvokki, usiku uleule,
kakuta ubatizo wa mwaka uliofuata:
wazazi walewale, Kreeta mwingine,
huyu ndiye wa Vaasa,
kapewa jina la dadake,
pengine na viatu.